Moyo wa mume wangu ulisimama, akapona. Sasa mimi ndiye nisiyelala

Ndugu washauri,

Salamu. Huu ni mwezi wa tano tangu moyo wa mume wangu, mwenye miaka 51, usimame ghafla usiku tukiwa kitandani. Niliamshwa na mkoromo wa ajabu, mzito, wa kukatikakatika. Nilimsukuma kwa kiwiko nikamwambia ageuke, kama ninavyomwambia siku zote. Aliponyamaza ndipo nikawasha taa, nikakuta midomo imebadilika rangi. Nikapiga simu ya dharura. Aliyepokea akaniambia nimshushe sakafuni nimbonyeze kifua. Nikabonyeza. Kuna kitu kilivunjika chini ya mikono yangu, nikakisikia. Nilipoinua macho, mwanetu wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni.

Mume wangu alipona. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi bila fahamu, akawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani, akarudi nyumbani. Hakumbuki chochote. Watu wote wananiambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini silali. Akikoroma nashtuka, akinyamaza ndiyo balaa zaidi, nanyoosha mkono nimwekee kiganja puani. Mchana nikipiga simu asipopokea, natetemeka mpaka nakaa chini. Mwenyewe amebadilika: anasahau, anawaka kwa jambo dogo, ikifika saa nane mchana yuko hoi. Nikimwambia naogopa, ananijibu, "Aliyekufa ni mimi, wewe unaogopa nini?" Hatujagusana tangu usiku ule. Mtoto hataki tena kulala chumbani kwake.

Na kuna swali sijamwuliza mtu yeyote. Ule muda niliodhani anakoroma tu, ndio uliomharibu akili?

Mke Asiyelala

*

Dada yetu,

Pole sana. Tutaanzia pale ulipoishia, maana tunahisi swali hilo ndilo linalokukesha kuliko mengine yote.

Ule mkoromo haukuwa wa usingizi, na wala haukuwa kupumua. Moyo ukiacha kusukuma damu, sehemu ya chini ya ubongo inayoendesha pumzi huendelea kutoa amri kwa dakika chache za mwanzo. Inayosikika ni mihemo mizito iliyoachana, kama mtu anayekoroma au aliyekabwa. Huwatokea wagonjwa wengi, na huwadanganya hata waliosomea huduma ya kwanza. Ndiyo maana wapokeaji wa simu za dharura hufundishwa kuuliza "anapumua kawaida?" na si "anapumua?" tu, kwa swali hili la pili watu hujibu "ndiyo", na muda unakwenda. Mtu aliyeamshwa gizani kando ya mume anayekoroma kila siku asingeweza kuijua tofauti hiyo. Isitoshe, mihemo ile ni ishara kwamba ubongo bado una uhai, na wagonjwa wanaokutwa nayo hupona mara nyingi zaidi kuliko wasio nayo.

Tuje kwenye hesabu. Moyo uliosimama kwa namna inayotibika kwa umeme, usipobonyezwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Ubongo huanza kuumia damu ikikosekana kwa dakika 4 hadi 6 hivi. Mume wako anatembea, anaongea, anakukasirikia. Isingekuwa hivyo kama hakuna damu iliyofika kichwani mpaka wahudumu walipowasili, na damu hiyo ilisukumwa na mikono yako. Kusahau kwake kuna vyanzo kadhaa: muda wote ambao damu ilikuwa ikienda kidogo, kuvimba kwa ubongo baada ya hapo, dawa za usingizi za kule mahututi, kukosa usingizi, pengine sonona. Hakuna daktari awezaye kuvipima kimojakimoja na kukukabidhi fungu lako.

Kilichovunjika ni ubavu, au kiungo kinachoushika kwenye mfupa wa kidari. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukibonyeza kina hicho, mbavu kuvunjika ni jambo la kawaida kabisa, na huunga zenyewe baada ya wiki sita hivi. Wanaobonyeza kwa kuogopa kuumiza ndio wasiofika kina.

Maneno yetu peke yake hayatakutosha, tunajua. Omba kumbukumbu za usiku ule. Simu ya dharura ina saa iliyopigwa, ripoti ya gari la wagonjwa ina saa waliyofika, saa moyo uliposhtuliwa kwa umeme mara ya kwanza na saa mapigo yaliporudi. Mtu aliyejawa na hofu hapimi muda sawasawa. Sekunde arobaini huja kukumbukwa kama dakika kumi. Omba miadi na daktari wa moyo, mweleze mapema kwamba mnataka kuzungumza na si kupimwa, na uende na maswali yameandikwa: Ni nini kilichosimamisha moyo? Wahudumu walikuta mapigo ya aina gani walipofika? Ilichukua muda gani yakarudi? Mishipa ya moyo ilionekanaje?

Swali la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Watu huchanganya moyo kusimama na mshtuko wa moyo. Mshtuko wa moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba. Mgonjwa mara nyingi ana fahamu na analalamika maumivu. Moyo kusimama mara nyingi ni hitilafu ya umeme wake: unatetemeka bila kusukuma kitu, na mtu huanguka papo hapo. La kwanza linaweza kuzaa la pili, lakini si lazima. Ikiwa mishipa ya mume wako ilikutwa safi na chanzo ni ugonjwa wa kurithi wa misuli au wa umeme wa moyo, mwanenu na ndugu wa kuzaliwa wa mume wako wanapaswa kupimwa, angalau kipimo cha umeme wa moyo na cha ultrasaundi. Usikubali jibu la "mshukuru tu amepona" kwa swali hilo.

(Kuna wasomaji wetu ambao mpendwa wao hakuamka. Ndio wengi: hata kwenye nchi zenye huduma bora, katika watu kumi ambao moyo umesimama nje ya hospitali, anayerudi nyumbani ni mmoja hivi. Kubonyeza kifua kunampa mgonjwa nafasi, hakumpi uhakika, na mikono iliyofanya kila kitu sawasawa hushindwa mara nyingi. Ninyi pia mna haki ya kuomba zile saa na kukaa na daktari, hata kama umepita mwaka.)

Sasa tukuzungumzie wewe. Picha zinazojirudia, kushtuka kwa sauti, kukagua pumzi, kutetemeka simu isipopokelewa, kukwepa kumgusa mumeo: mambo haya yakidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, huitwa kiwewe, na kiwewe kina tiba. Si udhaifu wa imani wala kukosa shukrani. Si nadra mwenza aliyeshuhudia kuumia kuliko mgonjwa, na sababu yake ni nyepesi kueleza: ubongo wa mumeo haukuhifadhi usiku ule, wako ulihifadhi kila kitu, mpaka sauti ya mfupa. Kwa hiyo anapokuuliza unaogopa nini, hakudharau. Anauliza kweli, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea. Alilala akaamkia hospitali.

Wala hutaomba fadhila ukiomba tiba. Mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza kipindi cha kupata nafuu kuwa kiungo cha sita cha mnyororo wa kuokoa maisha, yaani hatua zinazofuatana za kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, kikashauri waliopona pamoja na wanaowauguza wapimwe wasiwasi, sonona, kiwewe na uchovu. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 inataka mgonjwa afuatiliwe ndani ya miezi mitatu tangu atoke hospitali, na familia ipewe maelezo na msaada. Ninyi mmepita muda huo. Kama hakuna aliyewaita, pigeni ninyi.

Tiba yenye ushahidi ni ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, kwa kawaida vikao 8 hadi 12. Kuna ile ya kupitia tukio kidogokidogo na kuzichunguza fikra kama "nilimwua kwa kuchelewa", na kuna ile ya kulikumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda huku na huku. Ya pili inaonekana kama kiinimacho kwa anayeisikia mara ya kwanza, lakini inafanya kazi. Vikao vya mwanzo vinaweza kuumiza na usiku ukawa mbaya zaidi. Wengine huacha hapo, wakidhani wamezidishiwa ugonjwa, kabla ya nafuu kuanza. Mwulize mwanasaikolojia moja kwa moja: "Umesomea kutibu kiwewe?" Ushauri nasaha wa kufarijiana ni mzuri, ila hautoshi hapa. Ukiandikiwa vidonge vya jamii ya diazepamu ili ulale, uliza ni kwa siku ngapi. Haviponyi kiwewe na vina tabia ya kunasa. Na ukianza kufikiria kufa, au kunywa ili upate usingizi, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Usiku unaweza kuanza kuushughulikia hata kabla ya kikao cha kwanza.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kila unapomwekea mumeo kiganja puani unaufundisha mwili wako kwamba ule ung'ongo ni nyoka kweli. Unakagua, unamkuta anapumua, unatulia dakika tano, kisha hofu inarudi na inataka ukaguzi mwingine. Hapo kuna jambo ulijue kuhusu kile kifaa: kinasoma kila pigo la moyo, usiku na mchana. Mapigo hatari yakianza, kinayatambua na kuyashughulikia ndani ya sekunde chache, wewe hujafumbua hata macho. Kiganja chako hakimwongezei usalama wowote.

Wiki ya kwanza usijizuie. Weka karatasi kando ya kitanda, na kila unapokagua chora mstari, asubuhi hesabu. Wiki ya pili jiruhusu kukagua mara mbili tu, kabla ya kulala na unapoamka asubuhi. Hamu ikija katikati, iahirishe kwa dakika 10: kaa, shusha miguu sakafuni, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, rudia mpaka dakika ziishe. Hofu itapanda mpaka uone huwezi, kisha itashuka yenyewe bila wewe kugusa pua ya mtu. Huko kushuka ndiko unakokutafuta. Ukikagua kabla hakujatokea, zoezi limeharibika. Wiki ya tatu ahirisha dakika 20. Ya nne ondoa ukaguzi wa kabla ya kulala. Ukivunja mpango usiku mmoja, usiku unaofuata endelea pale ulipokuwa, usirudi mwanzo.

Linaloharibu mpango huu zaidi ni kubadilisha ukaguzi badala ya kuuacha. Kiganja kinaondoka, mtu anaanza kutega sikio. Au anajikohoza ili mwenzake ageuke. Au anamwamsha, "Uko sawa?" Yote ni mkono uleule. Kama umenunua kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, kiweke mbali usiku. Kidole kikipoa au kibanio kikilegea kinatoa namba ya kutisha isiyo na maana, nanyi mtakesha wote wawili.

Mkoromo wenyewe msiudharau. Mtu anayekoroma sana na pumzi kukatika usingizini anaweza kuwa na ugonjwa wa kuziba njia ya hewa, ambao unachosha, unapandisha shinikizo la damu na unavuruga mapigo ya moyo. Mwombe daktari ampime usingizi. Ugonjwa huo ukitibiwa, yeye atapungukiwa uchovu nawe utapungukiwa sauti.

Tungependa pia usiku mmoja kwa wiki ndugu mmoja alale nyumbani kwenu nawe ulale chumba kingine, mlango umefungwa. Kuhama kabisa hatushauri. Hofu ikishakuhamisha chumba, kurudi ni kazi.

Kwa simu za mchana, kubalianeni saa moja ya kupigiana. Asipopokea, ana nusu saa ya kujibu hata kwa ujumbe mfupi. Ikipita, unampigia mtu mmoja mliyemchagua aliye karibu naye, si watu sita.

Halafu andikeni mpango wa dharura, mwubandike ndani ya mlango wa kabati. Kifaa kikimshtua mara moja na akawa mzima, anapiga simu kliniki ya kifaa ndani ya siku hiyo. Kikimshtua mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au mara moja tu lakini akawa na maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali, kukosa pumzi au kuzirai, ni simu ya dharura. Akizirai na asipumue kawaida, mnambonyeza kifua kama mara ya kwanza. Kifaa hakizuii, na kikishtua ukiwa umemshika utahisi mchomo mdogo usiodhuru. Afadhali watu wawili zaidi wa familia wajifunze kubonyeza kifua. Wewe usiende kwenye mafunzo hayo sasa. Kupiga magoti juu ya lile sanamu kunaweza kukurudisha sakafuni kwako; subiri mtaalamu wako akuambie uko tayari.

Kuhusu mumeo. Kusahau, hasira na kuchoka ghafla ndizo alama tatu za kawaida za ubongo uliopungukiwa oksijeni. Nafuu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo, kisha huendelea polepole mpaka mwaka na zaidi. Ombeni apimwe kumbukumbu na umakini. Kuna vipimo vifupi vya karatasi, vya kama dakika 10, vinavyotosha kuonyesha kama anahitaji uchunguzi mrefu. Mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kutoka hospitali kwa kuwa anaongea vizuri kitandani, na matatizo hujitokeza anaporudi kwenye bili, ratiba na kelele za nyumbani. Mtaalamu wa utengamao, anayemsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake, anaweza kumpangia siku. Wakati mkisubiri: ubao mmoja jikoni wenye mambo ya siku hiyo tu, agizo moja kwa wakati mmoja, redio izimwe mnapozungumza, apumzike saa saba kabla hajaishiwa, siyo saa nane akiwa tayari amewaka. Utaona hasira nyingi zilikuwa uchovu. Baadhi ya dawa za kutuliza mapigo nazo huchosha. Amwambie daktari, asiache mwenyewe.

Kwa lile jibu lake linalokuchoma, mwambie hivi, mchana, mkiwa mmetulia: "Wewe hukuuona usiku ule, mimi niliuona. Sikulaumu. Nataka nikusimulie mara moja, dakika ishirini, kisha tuache." Shika karatasi yenye zile saa kutoka kwenye ripoti, uanze na saa na matukio, hofu yako ifuate. Wengine waliopona hutamani sana kujazwa pengo hilo, wengine hawako tayari. Akikataa, mwache, umwulize tena baada ya mwezi. Na muuguzi wa kliniki akikubali kukaa nanyi, ni bora zaidi, kwa sababu mbele ya mtu wa tatu maneno hayageuki ugomvi haraka.

Kugusana: anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila maumivu ya kifua wala kuhema kupita kiasi, kwa kawaida moyo wake unaweza tendo la ndoa. Mthibitishe kwa daktari wake. Kifaa hakitakudhuru hata kikishtua wakati huo. Lakini kwako kifua kile ni mahali palipotokea jambo, hivyo anzeni mbali: kushikana mikono kitandani, mkono begani, kichwa mgongoni, kwa makubaliano kwamba usiku huo hakuna kinachofuata. Baadhi ya dawa za moyo hupunguza nguvu za kiume, naye anaweza kuwa anakukwepa kwa aibu huku wewe unadhani ni kwa kuwa umembadilikia. Na asithubutu kununua vidonge vya nguvu kimyakimya: vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu linaweza kuporomoka mpaka kuua.

Mtoto. Aliona, kwa hiyo kumficha hakuna maana tena. Mwambie kwa maneno halisi: "Moyo wa baba ulisimama. Nilimbonyeza kifua ili damu itembee. Madaktari wakaurudisha. Sasa ana kifaa kinachoulinda." Usiseme "baba alilala hakuamka", mtoto akisikia hivyo, kitanda kinakuwa adui, na huenda ndicho kilichompata wenu. Mwulize anadhani ni nini kilichosababisha. Watoto wa umri huo hujitwika makosa ya ajabu, kwamba alipiga kelele jioni ile au alimkasirikia baba, na hawasemi mpaka waulizwe. Usimwahidi kwamba haitatokea tena. Mwahidi unachokiweza: nani atakuwa naye, nani atampeleka shule, na kwamba si kazi yake kumlinda baba usiku. Mpe jukumu moja dogo kwenye ule mpango wa kabatini, kama kuwasha taa na kufungua mlango. Mtoto mwenye la kufanya huogopa kidogo kuliko aliyeachwa mlangoni akitazama. Mrudishe chumbani kwake kwa hatua: godoro lake chumbani kwenu, kisha mlangoni, kisha kwake taa ikiwaka. Mwalimu wake ajulishwe. Jinamizi, kukojoa kitandani, au kuigiza tukio lile mchezoni tena na tena vikiendelea, naye anahitaji mtaalamu wa watoto.

Wale wanaokuambia ushukuru, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usipoteze nguvu kuwaelimisha. Wape kazi yenye siku na saa. "Jumanne umpeleke kliniki" hupata jibu, "mnisaidie" haipati.

Na wiki hii, ukimpeleka mumeo kliniki, kabla hamjanyanyuka kwenye viti mwambie daktari maneno haya, au mpe karatasi yalimoandikwa: "Mimi ndiye niliyembonyeza kifua. Ni mwezi wa tano, silali, namkagua pumzi kila usiku, na picha zinanirudia mchana. Naomba nipimwe kiwewe na nipewe rufaa kwa jina langu." Sisitiza hilo la jina lako. Ukiandikwa ndani ya faili la mgonjwa kama "mke ana wasiwasi", hakuna atakayekuita.